Vipimo Visivyojua Kukataa

Ofisini walimwita Mama Shaka, na wala hakuwa na mtoto wa jina hilo. Hakuwa na mtoto yeyote. Shaka lenyewe ndilo alilolizaa, akalilea, akalisomesha, na sasa ndilo lililokuwa likimlisha. Kazi yake ilikuwa kupima programu kabla hazijatoka mlangoni, na mpimaji asiye na shaka ni kama mlinzi anayelala: sare anavaa, filimbi anayo, na nyumba imeshabebwa.

Kampuni ilikuwa na lugha yake ya kuandikia programu. Lugha ya namna hiyo haifai kitu bila kompaila, yaani ile programu inayochukua maandishi ya binadamu na kuyageuza kuwa maagizo ambayo mashine inayafuata. Kompaila zilikuwa mbili. Moja waliiita Mzee: nzito, inayojikongoja, ila haijawahi kumtupa mtu. Nyingine waliiita Kijana, nyepesi kama unyoya, na ilikuwa kazi ya mkono wa mtu mmoja tu, shemeji yake Mama Shaka, mume wa marehemu dada yake. Mkuu wa kitengo alikuwa ametangaza kwamba kampuni imechoka kulisha matumbo mawili. Ijumaa ingebaki kompaila moja. Mkuu huyo walimwita Bwana Kijani, kwa sababu ukutani kulikuwa na ubao wa taa, taa moja kwa kila kundi la vipimo, na yeye kila asubuhi aliingia akitazama ubao kabla hajatazama watu. Taa zikiwa za kijani, alisalimia. Ikiwepo nyekundu, salamu ilisubiri.

Taa zote za Kijana zilikuwa za kijani. Watu walishaanza kumwambia Shemeji "hongera" kwa sauti ya chini, kama mtu anayekula tonge kabla ya dua.

Na hapo Mama Shaka naye alikuwa na lake la kuombea. Shemeji alishasema wazi, tena mbele ya ndugu: Kijana akizikwa, yeye hana kiti pale. Kaka yake alikuwa na duka la vipuri mji wa mbali sana, safari ya basi ya kulala njiani, na alikuwa hachoki kumwita. Mama yao naye yuko huko, akimngoja mjukuu mikono wazi. Shemeji angeondoka, na angeondoka na binti yake, Chiriku.

Chiriku alikuwa binti wa darasa la tatu, mdomo haupoi, na ndiye pekee aliyeachwa na dada. Nyumba yao ilitazamana na ya Mama Shaka, uani kwa uani. Kila jioni Mama Shaka alimpitia shuleni, na njia nzima alisikiliza kesi za darasani: nani kamnyima nani kifutio, nani kasema mwalimu ana kitambi. Wakifika, mtoto alikuwa ameshasema yote, na mama yake mdogo alikuwa amesahau yote isipokuwa sauti. Sauti ilikuwa ya dada, ile ile, imepunguzwa tu saizi.

Sasa tuje kwenye Jumatatu.

Mama Shaka alikuwa na desturi moja ambayo wenzake waliiona kama uchawi. Hakuamini kipimo mpaka aharibu kwa makusudi kitu kinachopimwa, aone kama kipimo kitapiga kelele. "Kipimo ambacho hakijawahi kukataa," alikuwa akiwaambia wageni wa kazi, "hakijawahi kupima. Kinakaa tu pale kama mjomba wa harusi, anaitikia kila kitu." Makundi yote ya vipimo alishayatendea hivyo, isipokuwa moja. Hilo aliliandika miezi ile dada alipokuwa wodini, kompyuta magotini, kwenye benchi la ukumbi wa hospitali, akisikiliza muuguzi anaita majina ya watu wengine. Alimaliza kuliandika, dada akafa, na hakulifungua tena. Si kwamba alisahau. Alilikwepa, kama mtu anavyokwepa mtaa aliong'atwa na mbwa.

Jumatatu hiyo, akisafishasafisha kabla ya Ijumaa, alilifungua.

Jambo lenyewe ni dogo, hata mtoto angelielewa. Fikiria kisanduku kimeandikwa nje: NAMBA. Ndani lazima pawe na namba. Fikiria cha pili, kimeandikwa NAMBA na mbele yake alama ya kuuliza. Humo panaweza kuwa na namba, na panaweza kuwa hapana kitu. Ukimpa mtu hicho cha pili ukamwambia ni cha kwanza, ataingiza mkono bila kutazama, na siku kikiwa kitupu atashika hewa na kuihesabu. Sasa, kuna visanduku ambavyo mwandishi wa programu anatamka tangu mwanzo kwamba havibadiliki. Hivyo kompaila haingoji programu iende kazini. Inavitengeneza mapema yenyewe, na ikikuta viwili vimefanana kila kitu, inabakiza kimoja kitumike mahali pote. Ni busara ya kubana matumizi. Ila chenye alama ya kuuliza na kisicho nayo havifanani, hata kama leo vyote vimebeba namba ile ile, na visiunganishwe abadani. Vipimo vya Mama Shaka vilikuwa vinauliza hilo hilo kwa sura nyingi: hiki na kile, ni kitu kimoja? Jibu linalotakiwa: hapana.

Kwenye nakala yake mwenyewe, akaingia tumboni mwa Kijana, akakata kipande chote kinachotofautisha visanduku, na badala yake akaweka mstari mmoja wa kijinga unaosema: vyote ni sawa, unganisha. Akavirusha vipimo vifanye kazi, akaenda kutafuta chai, akitegemea kurudi akute damu.

Alirudi akakuta kijani kitupu.

Akarusha tena. Kijani. Alikuwa ametoa moyo wa mgonjwa ameuweka mezani, na kipimo cha mapigo kinaendelea kusema hali ni nzuri.

Alikaa, akasoma maandishi yake mwenyewe pole pole, mstari kwa mstari, mpaka akaona. Swali lenyewe alikuwa ameliandika likiwa jambo lisilobadilika. Na jambo lisilobadilika kompaila hujibu yenyewe, mapema, pale mlangoni maandishi yanapoingia. Kwa hiyo kabla visanduku havijafika chumba cha nyuma vinakotengenezwa na kuunganishwa, swali lilishajibiwa, likagongwa muhuri: hapana, si kimoja. Mlangoni palikuwa panaijua sheria vizuri sana. Chumba cha nyuma hakikuulizwa lolote. Kwa miaka yote hiyo alikuwa amempelekea nyani kesi ya ngedere, na nyani amekuwa akihukumu kwa lugha nzuri, bila kumwita hata shahidi mmoja.

Kosa kama hilo hawezi kulifanya muuza viatu. Linahitaji mtu aliyesomea.

Akarudisha moyo wa Kijana mahali pake. Akaandika swali upya, safari hii akivipitisha visanduku mikono mingi ili kompaila isiweze kujibu mlangoni, mpaka programu iwe inakimbia kweli ndipo vilinganishwe. Akarusha. Nyekundu. Akarusha sura ya pili ya swali, ya tatu. Nyekundu, nyekundu. Kijana, mzima wa afya, alikuwa anatupa ile alama ya kuuliza kila siku ya Mungu, na visanduku viwili vinatoka vimekuwa kimoja.

Akamrushia Mzee vipimo vile vile. Mzee alijikongoja, akapita vyote.

Shemeji alikaa karibu na dirisha, kiti kimeinuliwa juu kuliko cha mtu yeyote. Kati yake na Mama Shaka hapakuwahi kupita siku bila utani. Ndivyo walivyovuka msiba. Wiki iliyopita tu Mama Shaka alimwambia kwamba Kijana amezimia ngazini, na Shemeji akasema mpe maji, usimpe ushauri.

"Shemeji," alisema Mama Shaka, "Kijana anatupa alama za kuuliza."

"Afadhali. Wewe unaziokota, tutamaliza lini?"

"Nasema kweli."

"Jana pia ulisema kweli. Ukasema chai imekwisha, ukawa umeificha kabatini."

"Hebu nitazame usoni. Natania mimi na uso huu?"

"Uso huo ndio wa kila siku, shemeji. Tumeuzoea, tunakula nao."

Jirani wa meza ya pembeni alicheka. Mama Shaka hakucheka. Aliweka kompyuta yake juu ya meza ya Shemeji, juu ya karatasi zake, jambo ambalo si adabu, akaigeuza ili asome.

Shemeji alisoma na tabasamu bado limemganda mdomoni, kisha likabanduka taratibu, upande mmoja kabla ya mwingine. Akarudi juu ya maandishi, akasoma tena mpaka chini.

"Umeuliza wakati programu inakimbia," alisema.

"Ndiyo."

"Na vya zamani?"

"Vya zamani vilikuwa mapambo. Mimi mwenyewe niliviandika."

"Mzee?"

"Amepita."

Alifunika macho kwa kiganja, kama mtu aliyeingiwa na vumbi. "Ile alama niliitupa mwanzoni kabisa," alisema kwa sauti ya ndani. "Nilijua mlangoni inaangaliwa. Nikaona kuibeba mpaka nyuma ni mzigo bure. Ndiyo maana anakwenda mbio, shemeji. Unadhani mbio zile zilitoka wapi?"

"Kuirudisha?"

"Ni kubomoa mpaka msingi. Hiyo ni miezi, na wao wanataka Ijumaa." Akatoa kiganja machoni. "Nani mwingine ameona?"

"Wewe na mimi."

Alitazama ubao ukutani, akamtazama yeye. "Basi weka alama ya 'inajulikana'."

Hiyo ilikuwa njia halali, na si yeye aliyeibuni. Kipimo kikikataa kwa sababu ambayo watu wameshaielewa, mpimaji anakiwekea alama kwamba kosa linajulikana, na ubao unaacha kulia. Taa inarudi kijani. Hakuna anayeulizwa mpaka atokee mtu wa kufukua.

"Weka, Ijumaa ipite," alisema Shemeji. "Kisha mimi nitabomoa taratibu."

"Ijumaa ikipita Kijana anatoka mlangoni alivyo. Watu watamtumia alivyo."

"Wangapi watakutana na kisanduku hicho?"

"Sijui. Na wewe hujui."

Shemeji aliinama akaokota kalamu ambayo haikuwa imeanguka, ilikuwa chini tangu asubuhi. "Sikuombi kwa ajili yangu," alisema. "Unajua nikitoka hapa natoka na nani."

Hakupandisha sauti. Angepandisha, ingekuwa nafuu, kwa sababu mtu anayekupigia kelele unaweza kumjibu.

Jioni Mama Shaka alimpitia Chiriku kama kawaida. Mtoto alikuwa na kesi nzito: mwenzake wa dawati amesema mtu asiye na mama hawezi kuchaguliwa kiongozi wa darasa.

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia ninaye mdogo. Mwalimu akacheka, akasema huyo anahesabika."

"Mwalimu alisema hivyo?"

"Alisema huyo anahesabika kabisa. Mbona unatembea haraka, mama mdogo? Mimi nina miguu mifupi."

Akapunguza mwendo. Walipita kwa fundi cherehani, wakapita duka la simu lenye spika mlangoni, na Chiriku akasimama kucheza kidogo kama afanyavyo siku zote, begi linampiga mgongoni. Mama Shaka alimwacha acheze mpaka wimbo ukaisha. Siku nyingine angemvuta mkono.

Asubuhi yake alifika ofisini mapema, akakifungua kipimo kipya, akaitafuta ile alama. Ilikuwa rahisi, kubonyeza tu. Lakini ukishabonyeza, kunafunguka nafasi ndogo chini yake, neno moja limeandikwa: Sababu. Usipojaza, haikubali. Sheria hiyo aliidai yeye mwenyewe zamani, akagombana na nusu ya kitengo, ili watu wasifiche uvivu.

Akaandika: Kosa dogo. Akalitazama. Akalifuta.

Akaandika: Halimgusi mtumiaji. Hapo mkono ukasita, maana watumiaji baadhi aliwajua kwa kazi zao. Walikuwepo wanaoandikia zahanati programu. Kwao, mtoto ambaye hajapimwa uzito anaachwa bila namba, na kisanduku chake kina alama ya kuuliza kwa makusudi, ili mashine isije ikamkadiria dawa kwa uzito wa hewa. Huenda kisanduku kile kisingekuwa cha aina hii isiyobadilika. Huenda kingekuwa. Akafuta.

Akaandika: Litarekebishwa baada ya Ijumaa. Hilo lilikuwa na umbo la ukweli, limevaa na kuchana nywele. Ila alikuwa ameshapima kazi za watu muda wa kutosha kujua yanayopata mambo ya "baada ya". Kijana akishakuwa kompaila pekee, nani atampa Shemeji miezi ya kubomoa kitu ambacho ubao unasema ni kizima? Bwana Kijani? Akafuta.

Kisha, kwa kuwa hapakuwa na mtu, akaandika sababu yenyewe: Shemeji ataondoka na mtoto.

Sentensi nzuri kuliko zote. Haikuwa na neno hata moja la uongo. Aliikodolea macho mpaka mfagiaji akaingia na ndoo, akamsalimia, akamuuliza mbona leo kapauka, na yeye akasema ni taa ya humu. Mfagiaji akasema taa ya humu ni ile ile ya jana, akaendelea na sakafu.

Mama Shaka akaifuta ile sentensi, akafunga ile nafasi, akakiacha kipimo kama kilivyo. Akakituma.

Ubaoni, taa moja ya Kijana ikawa nyekundu.

Bwana Kijani aliingia, akatazama ukuta, hakusalimia. "Ni nini hicho?"

"Ni kosa," alisema Mama Shaka. "La tangu zamani. Vipimo vyangu ndivyo vilivyokuwa vinalificha."

"Kwa hiyo ubao wangu umekuwa ukinidanganya."

"Umekuwa ukikwambia ulichopenda kusikia, bosi. Kama sote humu."

Siku nyingine mtu angeguna kwa kicheko. Shemeji alikuwa ameshafika, amesimama mlangoni na koti mkononi. Alitazama taa, akaenda mezani kwake, akashusha kiti chake chini, akakaa.

Alijitetea vizuri Ijumaa, na hakumtaja mtu. Alisema kosa ni lake na dawa anaijua, anaomba muda. Bwana Kijani naye si mtu mbaya. Aliuliza muda gani, akaambiwa, kisha akasema kampuni haina muda huo. Mzee akabaki. Watu walimpa Shemeji mkono mmoja mmoja, na waliosema hongera mapema ndio walioshika mkono muda mrefu zaidi.

Ilipofika zamu ya Mama Shaka, Shemeji alimwambia, "Asante kwa kazi, dada."

Dada. Tangu amwoe marehemu hakuwahi kumwita hivyo. Neno la adabu, safi, lisilo na pa kushika.

Walihama mwisho wa mwezi. Mama Shaka alikwenda kusaidia kufunga vyombo, na Shemeji hakumkatalia. Alimwelekeza tu, kwa upole, kama unavyomwelekeza jirani: hivi vya kuvunjika, hivi vya jikoni, hivi tunaviacha. Dereva wa lori alikuwa anakula muwa akitema maganda mtaroni, anaangalia saa. Chiriku alikaa kizingitini, kabeba mto wake wa kulalia, amefura.

"Mama mdogo," alisema, "bibi kwenye simu amesema wewe ndiye uliyesema kazi ya baba mbaya. Ni kweli?"

Mama Shaka alichuchumaa. Shemeji alikuwa ndani, lakini sauti ya utepe wa kufungia maboksi ilikoma.

"Sikusema mbaya. Nilisema ina kosa."

"Mangapi?"

"Moja."

"Moja tu?"

"Nililoliona."

Chiriku alifikiri. "Mwalimu wetu ukikosa moja anakupa vema, halafu anakuambia urudie lile moja nyumbani."

"Mwalimu wenu ana huruma."

"Wewe huna?"

Dereva alitupa kipande cha mwisho cha muwa, akapiga honi fupi.

"Ninayo," alisema Mama Shaka. "Haikutosha."

Mtoto alimtazama kama anavyotazama hesabu aliyoambiwa jibu bila kuonyeshwa njia. Kisha akanyoosha mikono, mto ukiwa katikati yao, na wakakumbatiana hivyo, wao na sponji ya mto. Shemeji alitoka na boksi la mwisho. Alimpandisha binti yake mbele, kati ya dereva na yeye, akafunga mlango, akaufungua tena kwa kuwa gauni lilibanwa, akaufunga.

"Funguo atazifuata mwenye nyumba," alisema kupitia dirishani. "Anataka aikute imefagiwa."

"Nitafagia."

"Haya."

Lori lilikwenda kwa gia nzito mpaka kona ya duka la simu. Chiriku hakuchungulia nyuma. Pengine dereva alimkataza kutoa kichwa.

Mama Shaka aliingia ndani, akatafuta ufagio, akaukuta wameuacha pamoja na ndoo moja na kapeti lililotoboka. Alifagia sebule. Alifagia jikoni, chini ya pale palipokuwa na jiko. Alifagia chumba cha Chiriku, akatoka na uchafu mpaka uani, akarudi, akakifagia tena. Kilikuwa safi tangu mara ya kwanza.